Redio Inayoingiza Sauti

9 Februari

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Marahaba ya mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana maisha yao wenyewe. Shangazi yako anakusalimu. Ananitunza vizuri hapa nyumbani, sina la kulalamika, ila ameanza tabia ya kunong'ona. Anasimama mlangoni, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikimwambia aongee kama mtu aliyekula, ananikasirikia. Na si yeye peke yake. Mtaa mzima wanaongea kama watu waliomficha mwizi ndani.

Kuku wa madoa ametotoa. Mpangaji wa chumba cha nyuma amenunua pazia jipya. Habari za huku ndizo hizo.

Sasa nije kwenye aibu uliyonitia.

Juzi nilipata ujumbe kwamba nina kifurushi ofisi ya basi. Nikavaa shati la kutokea, nikaenda. Wakanipa boksi dogo lililofungwa utepe kila upande. Nikalipima mkononi, jepesi kama ahadi. Nikalifungua palepale kaunta, maana mimi siweki sahihi kwa kitu nisichokiona. Ndani ya boksi nikakuta boksi jingine. Ndani ya hilo jingine, hewa.

Mke wangu, niliwaka. Mimi nimezeekea kwenye mashine ya kusaga, gunia lililopunguzwa nalijua hata kwa kulitazama. Nikamshika kondakta ukosi. "Mjukuu wangu ananitengenezea redio! Redio iko wapi?" Kondakta akawa anafungua na kufunga mdomo kama samaki, hana hata sauti ya kujitetea, nikajua mwizi ndiye huyu. Watu wakajaa. Mama mmoja mwenye ndoo akawa upande wangu kabisa, akasema wapekuliwe wote, na dereva. Karani akaniletea kiti. Ndipo akalichukua lile boksi la ndani, akalipindua, akanionyesha maandishi yako ya kalamu nyekundu: BABU, HII SI REDIO. NI KADIBODI TU. ISHIKE KISHA UNIAMBIE.

Nilimwomba kondakta msamaha mbele ya watu. Alinijibu maneno marefu, nadhani alinisamehe.

Haya, nimeishika. Nikuambie nini? Ni kadibodi. Kona zinachoma na hailii.

Na usiniulize habari za Kinyozi. Mimi na yule mtu tumeachana.

Babu yako.


27 Februari

Babu yangu, mume wangu wa kwanza na mkali kuliko wote,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi nayo haijambo. Mvua imenyesha huku mpaka maji yameingia dukani, tukafanya kazi tumepandisha miguu juu ya viti. Mwenzangu wa meza ya pili, yule anayetengeneza simu, alinishikia tochi umeme ulipokatika. Anakusalimu, ingawa hamjuani.

Nisamehe kwa aibu ya ofisi ya basi. Nilidhani utalipindua boksi kabla ya kumkamata mtu.

Ngoja nikueleze kwa nini nakutumia kadibodi. Mwanzoni nilikuwa nakata plastiki moja kwa moja. Nilichukua kopo la chakula, nikatoboa tundu la swichi na la kitufe cha kuzungushia, nikapanga vitu vyangu, nikafunga mfuniko. Kumbe betri imekaa juu ya swichi kama watu wawili kwenye kigoda kimoja. Kopo la pili, waya haukuwa na pa kupinda. Kopo la tatu lilikuwa la fundi mkuu na chakula chake kilikuwa bado kimo, hiyo hadithi tuiache.

Tangu siku hiyo naanza na kadibodi. Nachukua boksi la viatu, nachora, napitisha mgongo wa kisu kwenye mstari ili ipinde bila kuchanika, nafunga kwa utepe, naweka betri halisi ndani na kuitikisa. Nikikosea nakata nyingine, kadibodi haina kinyongo. Fundi mkuu anauliza kama tumehamia biashara ya viatu. Jana mteja aliiona moja mezani, nimeipaka wino mweusi, akauliza bei. Nilipomwambia ni kadibodi akasema ndiyo maana anaomba nimpunguzie.

Lakini kitu kimoja siwezi kukijua nikiwa huku, nacho ni mkono wako. Kidole gumba chako kinafika wapi? Kile kidole kilicholiwa na mkanda wa mashine kinashika au kinasumbua? Mfuko wa shati lako una kina gani? Ndiyo maana natuma ya pili. Hii nimeiandika kila sehemu kazi yake. Itie mfukoni, ikuzoee.

Kona nimezipunguza.

Na Kinyozi amefanya nini? Watu mmecheza dama pale barazani kwake tangu mimi sijazaliwa.

Mjukuu wako.


20 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Tumeipokea barua na kadibodi ya pili, safari hii kondakta aliniletea mpaka mlangoni, akaiweka chini na kurudi nyuma kama mtu anayelisha mbwa. Shangazi yako hajambo. Vifaranga hawajambo. Mjumbe wa mtaa alipita jana kutuambia kuna mkutano wa mambo ya bata. Nikaenda, nikachangia sana kuhusu ufugaji, na watu wakanitazama. Mkutano ulikuwa wa mabati ya kisima. Wangesema wazi.

Umeniuliza habari za Kinyozi. Haya. Asubuhi moja natoka zangu nyumbani, navuka barabara kwenda kwake kama siku zote. Ameshika wembe, mteja yuko kwenye kiti, wengine wako kwenye benchi. Aliponiona akanyoosha mkono, akapaza sauti mbele ya wote: "Kichaa hicho kinakuja!" Benchi zima likacheka. Mimi! Nikageuka palepale. Tangu hapo napita upande wa pili, namwona anafungua mdomo, namwacha na mdomo wake. Ndevu najinyoa mwenyewe, na ndiyo sababu nina plasta mbili.

Sasa tuje kwenye redio. Kidole gumba kinafika. Kile kidole kifupi hakishiki, lakini hakisumbui. Mfukoni inaingia, ila nikiinama inanichoma kifuani. Kitufe umekichora kidogo mno, kwangu hicho ni punje ya mtama.

Ila nina swali. Redio yangu ya zamani, sauti ilikuwa inatoka. Hii ya kwako umeandika kwa mbele, na mshale juu: SAUTI INAINGIA HAPA. Inaingia kwenda wapi?

Swali la pili. Huyo mshika tochi. Umeme ukirudi anaishika ya nini?

Babu yako, mume halali.


2 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Huku wote wazima, mvua imepungua. Fundi mkuu amepata mafua, kwa hiyo duka limetulia.

Asante kwa majibu, hasa ya kidole. Kona nitazipunguza tena, na kitufe nitakikuza. Kuhusu sauti kuingia, redio za siku hizi zimebadilika, zina mambo mengi ndani. Wewe usijali mshale. Endelea kuizoea tu.

Kuhusu tochi, betri zake zimekwisha.

Ila Babu, una hakika Kinyozi alisema neno hilo? Hilohilo?

Mjukuu wako.


25 Aprili

Mjukuu,

Nilimwuliza shangazi yako sauti inaingia kwenda wapi. Alipochoka kuninong'oneza akachukua mkaa akaniandikia ukutani.

Mimi si kiziwi.

Boksi lako nimempa kuku.

Babu yako.


6 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Najua umekasirika, na kukudanganya kwamba ni redio sikufanya vizuri. Niliogopa hiki hiki kilichotokea. Lakini kwa kuwa kuku ameshapata boksi, acha niseme.

Nilipokuja likizo nilikuita kutoka getini, akaitika jirani wa nyumba ya tatu. Nikikupigia simu unasema mtandao mbovu, unakata, na mimi nimebaki nimesimama na mtandao wangu mzima. Na siku ile tumekaa wawili nje nilikuambia nimefaulu mtihani wa ufundi. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Ulinishika bega, ukanipa pole ya mafua, ukaniambia ninywe maji ya moto.

Nilikunywa, Babu. Ningefanya nini?

Hakuna aliyesema wewe ni kiziwi. Umesimama karibu na ile mashine maisha yako yote, na mashine imechukua chake, kama mkanda ulivyochukua kidole. Kidole hukukionea aibu, mpaka leo unakitumia kutishia watoto. Sikio lina kosa gani?

Kifaa ni kidogo. Sauti inaingia mbele, inakuzwa ndani, inapita kwenye waya hadi sikioni. Hakuna zaidi.

Mjukuu wako.


11 Juni

Babu yangu,

Shikamoo.

Sijapata barua. Nimemwuliza kondakta wa basi, akaapa kwa mama yake kwamba hana kitu chako, na kwamba angekuwa nacho angekileta mbio.

Kuku anaionaje redio yake?

Mjukuu wako.


3 Julai

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Shikamoo zako zote nimezipokea, hata za zile barua nilizozikalia. Marahaba, marahaba. Hatujambo. Vifaranga wamekuwa wakubwa, wawili walichukuliwa na mwewe. Shangazi yako ameupaka ukuta chokaa mahali alipoandika, ila mkaa unajitokeza chini yake.

Najua unangoja maneno. Subiri, mtu mzima akianguka huanguka polepole.

Ilikuwa asubuhi, nimekaa nje naota jua. Mpangaji wa chumba cha nyuma akatoka, mikono mitupu, uso umechoka kama wa mgonjwa. Akasimama mbele yangu, akasema: "Mzee, mimi nakwenda kufa."

Nikamwambia, "Usiseme hivyo mwanangu, yatakwisha."

Akatikisa kichwa. "Hayaishi haya." Akapinda kona ya nyumba, akaenda zake.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilimwacha kidogo nisije nikaonekana mpelelezi, kisha nikamfuata hadi chumbani. Mlango umefungwa. Nikabisha. Sikusikia jibu. Leo naona hilo halikuwa ushahidi, lakini wakati ule lilinitosha. Nikapiga ukunga ambao sijaupiga tangu mashine ilipokata mkanda.

Mtaa ukaja. Muuza mkaa akaja, fundi viatu akaja na kiatu cha mtu. Kinyozi akavuka barabara mbio, wembe mkononi, na mteja wake nyuma, nusu ya uso imenyolewa na nusu ni povu. Muuza mkaa akaupiga mlango bega, mlango ukalala. Ndani hayumo. Kitanda kitupu, hata mashuka hakina. Shangazi yako akashika kichwa. Wanawake wakaanza kukaa chini mmoja mmoja, unajua wanavyokaa kilio kikikaribia. Mimi nikawa naeleza maneno yake ya mwisho.

Nikiwa katikati ya maneno ya mwisho, kundi likapasuka, akatokea mwenyewe kutoka bombani, amejitwika beseni la mashuka yaliyokamuliwa. Akatazama mlango wake ulivyolala. Akatazama watu.

"Jamani, nani amekufa?"

Yule mwenye povu akamjibu, "Wewe."

Kufua, mke wangu. Alikuwa anakwenda kufua. Mashuka yamerundikana bombani tangu alfajiri, hayaishi.

Walicheka mpaka povu likakauka. Muuza mkaa alikaa juu ya mlango akacheka. Shangazi yako alicheka akilia. Hata mpangaji alicheka, ingawa mlango ni wake. Mimi nikasimama katikati, na unajua nilichokuwa nakiona? Midomo mingi iliyo wazi, na kwa mbali kitu kama mvua juu ya bati. Hicho ndicho kicheko chao, kilichonifikia.

Kinyozi peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akanivusha barabara, akanikalisha kwenye kiti chake, akanifunga kitambaa shingoni. Akanipaka sabuni bila kuniuliza. Kisha akaniinamia mpaka mdomo ukagusa sikio, akasema polepole, neno moja moja:

"Mzee mwenzangu. Siku ile nilisema kichwa."

"Nini?"

"Kichwa. Kichwa hicho kinakuja. Nywele zilikuwa zimekujaa, nikafurahi nimepata kazi."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kuniambia.

"Nakuambia kila asubuhi," akasema. "Nakusalimu, unapita."

Sabuni iliniingia machoni. Mtu akikuuliza, ilikuwa sabuni.

Basi. Tuyaache hayo, tufanye kazi. Kuku nimemhamisha, lakini boksi hawezi kulivaa mtu tena. Kwa hiyo mimi na Kinyozi tumetengeneza jingine kutoka katoni ya sabuni. Wembe wake unakata kadibodi kama siagi, matundu ni duara kamili. Kitufe tumeweka kizibo cha soda, nimekihamishia ubavuni, kidole gumba kinakikuta chenyewe. Tumeongeza mahali pa miwani. Tumeongeza kijifuko cha funguo. Kinyozi ameshauri kioo kidogo kwa mbele, mtu ajione kabla ya kusalimiana na watu. Kuna tundu la kalamu. Nyuma kuna nafasi, bado tunaifikiria.

Nakutumia kwa kondakta yuleyule. Tumezoeana sasa.

Na pole ile ya likizo naifuta. Hongera, mjukuu wangu. Hongera sana. Umefaulu.

Babu yako.


15 Julai

Babu yangu, mume wangu,

Shikamoo. Shangazi nimeshamwandikia kivyake, na mpangaji mpe pole ya mlango.

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, fundi mkuu akalazimika kuweka chini kifaa cha kulehemu asije akajichoma. Mwisho wake niliusoma kimya.

Kadibodi yenu imefika. Mwenzangu wa simu aliipokea kwa mikono miwili akadhani ni tofali. Babu, hili si boksi, ni kabati. Bado kidogo liwe na mlango na wapangaji. Najua kosa si lenu, kadibodi haikatai kitu, kila ukiiambia ibebe inasema sawa.

Sasa sikilizeni, wewe na Kinyozi. Nawarudishia kabati lenu pamoja na mfuko wa misumari. Misumari hiyo ni uzito wa betri na vitu vya ndani. Ijaze ndani, weka miwani, weka funguo, weka kioo, kisha ulivae siku nzima kuanzia chai ya asubuhi. Usilivue mpaka kulala. Halafu uniandikie kinachobaki.

Kitufe cha ubavuni ni kizuri kuliko changu. Hicho nakichukua.

Mjukuu wako.


4 Agosti

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Shingo yangu inakusalimu.

Nililivaa. Chai ya asubuhi ilikwenda vizuri. Nilipoinama kufunga kiatu, lilinitangulia. Mchana lilichovya kwenye mchuzi kabla yangu. Kioo cha Kinyozi kilipata jua nikiwa nimekaa barazani kwake, kikampiga machoni mwenyewe akiwa ananyoa mtu, na mtu huyo sasa ana alama sikioni na ameapa kufuga nywele. Kioo tukakitoa palepale, kwa kura ya wote waliokuwepo.

Baadaye tukatoa kalamu. Kisha funguo. Miwani niliipigania mpaka jioni, nikakumbuka kwamba miwani huwa iko usoni.

Kilichobaki ni hiki nilichokutumia. Kizibo ubavuni. Kona za mviringo, Kinyozi amezipunguza kama ndevu. Kamba ya shingoni, maana mfukoni kifaa kitakuwa kinasikiliza shati. Na angalia chini, kadibodi imelowa jasho ikalegea. Usiweke tundu lolote upande wa chini wala wa nyuma, huko kwangu ni mtoni.

Hujajibu habari ya mshika tochi. Nimehesabu, katika barua zako alianza na tochi, sasa ameshika kadibodi yangu kwa mikono miwili. Anaelekea wapi?

Babu yako.


30 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo. Hapa kuna kifurushi, na safari hii mwambie kondakta si kadibodi.

Niliikunjua ile yenu ya mwisho, nikailaza juu ya plastiki ya ndoo iliyopasuka, nikafuata kila mstari. Kila kitu kikaingia mara moja. Betri ilikaa, waya ukapinda, mfuniko ukafunga. Fundi mkuu aliichukua, akaitikisa karibu na sikio, hakikucheza kitu. Akairudisha mezani. Baadaye nilimwona anatafuta boksi la viatu.

Ukiwasha, kisikilizio cha sikioni kisikaribiane na tundu la mbele, vikikaribiana vinapiga mluzi. Anza na sauti ndogo. Usikizungushe kizibo chote kwa siku ya kwanza, nakujua.

Kuhusu yule wa simu, anataka kuja kukusalimu mwezi wa kumi na moja. Na wazee wake wawili. Sasa umeelewa, na mimi siandiki zaidi ya hapo.

Mjukuu wako.


19 Septemba

Mjukuu wangu, mke wangu, ingawa nasikia nimepata mshindani,

Marahaba. Sisi wazima. Mpangaji amepata mlango mpya, imara kuliko wa kwangu. Mwambie mshika tochi aje na wazee wake. Nitamsikiliza vizuri, kila neno, kwa hiyo ajiandae.

Kifurushi kilifika. Nilikizungusha kizibo chote, ulinijua. Kilipiga mluzi, kuku wakaruka ukuta, shangazi yako akaangusha kikombe. Nikakirudisha taratibu kama ulivyosema.

Nikatoka nje. Nikasikia mtu ananifuata, anaburuta miguu. Nikageuka, hakuna mtu. Nikaenda, naye akaja. Nikasimama, akasimama. Nikashika fimbo. Mke wangu, zilikuwa ndala zangu. Kumbe naburuta miguu kama mzee! Nikamwuliza shangazi yako kwa nini hawakuniambia. Akanijibu, nami nikaruka.

"Mbona unanipigia kelele?"

Akakaa chini pale pale sakafuni. Kumbe hakuwa ananong'ona. Alikuwa anapiga kelele muda wote huo, maskini, mpaka koo lake limekuwa kama la dalali wa mnada.

Kwa Kinyozi nimegundua jambo la kusikitisha. Anaongea upuuzi mtupu. Zamani nilikuwa nashika neno moja katika matano, mengine najaza mwenyewe, nikamwona mwerevu. Sasa nayapata yote. Lakini nakwenda kila asubuhi, na kwenye dama namfunga vizuri zaidi, maana ana tabia ya kuguna kabla ya kukosea.

Sasa nikuambie hili moja, halafu nimalize.

Juzi jioni nilikuwa nimekaa ukumbini na kifaa chako shingoni. Nikasikia kitu jikoni. Nikafikiri ni redio ya jirani. Nikanyanyuka, nikasogea, safari hii nikinyanyua miguu. Alikuwa shangazi yako anaimba. Anachambua mchele na kuimba wimbo aliokuwa akiuimba bibi yako akipepeta, wote, na vituo vyake. Mimi nilidhani nyumba hii imenyamaza tangu bibi yako atutoke. Kumbe haikunyamaza hata siku moja.

Akaniona mlangoni. Akakata. Akatazama boksi kifuani pangu, akaona haya kama msichana.

"Baba, umeiwasha?"

Nikaweka mkono nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

"Nasema, umeiwasha?"

"Sikusikii," nikamwambia. "Nimeizima, inakula betri."

Akanitazama kidogo. Kisha akarudi kwenye ungo wake, na wimbo akauanzia pale alipoukatia. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikatazama ukutani kama mtu asiye na habari.

Usimwandikie jambo hili, mjukuu wangu. Akijua atanyamaza.

Babu yako.